Mizani ya Makaa

Tulimpima kwa Kombo muuza makaa,
mwili ndani ya gunia, kichwa nje, macho nusu.
Mshale ukazunguka, ukapita kumi.
Kombo akacheka: "Hili gunia la kenge au la mkaa?"
Mimi sikucheka. Jina lake Kijiti.
Nilimpa siku ile alipochomoza kwenye mtaro
kule Maweni, mwembamba kama chelewa.

Mimi ni mpishi wa harusi.
Toka Shela ya Malindi hadi Muyeye
hakuna asiyekula kwa mkono wangu.
Usiku hurudi na ndoo:
maini ya kuku, firigisi, viini vya mayai,
ukoko wa pilau ulionywa samli.
Naye hungoja mlangoni kama bwana harusi.
Miaka minne. Sikujua
kwamba mapenzi nayo yana mafuta,
na huganda kwenye shina la mkia.

Daktari Nyevu amezoea mbuzi na ng'ombe.
Alivaa glavu, akaminya mkia, akaminya tumbo
lililokuwa likipiga deki sakafu yangu kila siku.
Akanionyesha kucha, zimerefuka zikapinda
kwa kukosa kazi. Kisha ulimi:
"Mara ya mwisho aliutoa lini?"
Sikukumbuka. Kenge asiyetoa ulimi
ni mtu aliyeacha kuuliza habari za mtaa.

Akaandika: panzi. Konokono. Kaa wa mchangani.
Mara mbili kwa wiki, basi.
Jua la asubuhi, beseni la maji, gogo la kupanda.
Mayai akayapigia mstari, mara mbili.

Kwetu mgeni hanyimwi.
Mama aliniusia: mchuzi ukipungua
ongeza maji, usiongeze visingizio.
Sasa nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi
najifunza uchoyo, kama mtu anayejifunza kuandika
kwa mkono wa kushoto.
Anakuja, ananigusa kidole cha mguu kwa pua,
anangoja.
Leo hamna, mwanangu.
Watu husema kenge hasikii mpaka atoke damu.
Huyu alisikia. Aligeuka polepole
akalala akiutazama ukuta, nami
nikaingia jikoni kuosha sufuria iliyokwisha oshwa.

Wiki ya tatu Kombo akatikisa kichwa:
mshale haujashuka hata nukta.
Nikahesabu konokono, nikahesabu panzi,
nikamshuku paka, nikawashuku watoto wa chuoni.
Alfajiri moja nikamkuta baba yangu,
ambaye sukari imemkataza mahamri tangu mwaka juzi,
amechuchumaa uani, kikoi juu ya magoti,
hamri mkononi, anamega, anampa Kijiti,
anamega, anampa Kijiti,
wala mwenyewe hatii mdomoni hata chembe.
"Angalau mmoja wetu," alisema,
bila kugeuka.

Siku ile hatukusemezana.
Kesho yake nilimkabidhi mkebe wa panzi.
Usimpe, nikamwambia. Mfiche, atafute.
Ua wetu ni hatua ishirini.
Wakawa wanauzunguka,
mmoja akikokota ndara, mwingine mkia.

Kilo tisa. Nane na robo.
Tisa tena (wiki ya harusi ya kina Bwanaheri;
mkosa, safari hii, ni mimi).
Saba na nusu. Ngozi ikamlegea ubavuni
kama shati la kuazima.

Jana adhuhuri Mishi wa jirani akagonga
kama mtu anayedai: "Kenge wako! Kapanda ukuta!
Kala mayai sita, bata wangu hana la kuatamia!"
Futi saba, ule ukuta.
"Kapanda mwenyewe?"
"Kwani kabebwa?"
Nikahesabu pesa ya mayai sita,
nikaongeza ya la saba.
Nyuma yangu baba anaita kutoka uani,
sauti imempanda kama ya kijana:
"Upande gani? Muulize, kaparamia upande gani?"